Mary Leakey: fuvu lilimpa jina, sakafu ilimpa heshima

KATIKA majarida ya sayansi yanayochapishwa London, Chicago na Madrid kuna neno moja la Kiswahili ambalo wasomi wengi hulitumia bila kujua ni la nani. Huandika FLK, DK, BK, MNK. Hizo ni alama za maeneo ya uchimbaji katika Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, na ile K inayojirudia mwishoni ni korongo. FLK ni Frida Leakey Korongo. DK ni Douglas Korongo. MNK ni Mary Nicol Korongo.

Ndani ya herufi hizo imejificha habari ya nyumba moja. Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kabete, Kenya. Douglas alikuwa mdogo wake Louis. Mary Nicol ni binti wa London aliyekuja kuwa mke wa pili. Na siku Mary alipookota kitu kilichotangaza jina lake dunia nzima, alikuwa amesimama katika korongo lenye jina la mke aliyemtangulia.

Kitu hicho kilikuwa fuvu. Ukitoka Ngorongoro kuelekea Serengeti, kwenye njia panda ya kuingia Oldupai utakuta sanamu kubwa za mafuvu mawili. Magari ya watalii husimama, picha zikapigwa, safari ikaendelea. Ni sanamu za kupendeza, lakini zinasimulia nusu ya habari. Fuvu hukuambia nani alipita hapa. Halikuambii alikula nini, alikaa na nani, wala alibeba nini na kukitoa wapi. Hayo yamo katika udongo uliolizunguka. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kuusoma udongo wa namna hiyo, sentimita kwa sentimita, ni Mary Leakey, mwanaakiolojia ambaye hakuwahi kufaulu mtihani hata mmoja wa shule.

Binti wa mchoraji

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari aliyehamahama na familia yake akifuata mwanga mzuri na maisha ya bei nafuu barani Ulaya. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, nchi ya mapango yenye michoro ya kale, baba na mtoto waliingia gizani pamoja kutazama farasi na nyati waliochorwa ukutani na watu wa zamani. Mchimbaji mmoja wa huko, aliyejali vitu vizuri tu, aliwaruhusu kuchakura kifusi chake. Mtoto akajaza mifuko vipande vya gumegume.

Baba alifariki 1926, Mary akiwa na miaka 13. Mama akampeleka shule za watawa wa Kikatoliki, na huko msichana akafukuzwa mara mbili, mara moja kwa kusababisha mlipuko katika maabara ya kemia. Mama alipokwenda kuulizia nafasi Oxford, alivunjwa moyo kabla hata ya kuomba. Miaka mingi baadaye chuo hichohicho kilimtunuku Mary shahada ya heshima.

Alichokuwa nacho ni mkono wa baba yake. Kuchora zana ya jiwe si kazi ya urembo. Kila pigo kwenye jiwe huacha kovu, na kovu jipya hukata la zamani. Mchoraji anayejua kazi yake lazima aone pigo lipi lilitangulia na lipi lilifuata, mpigaji alilishika jiwe upande gani, na aliacha kupiga alipofika wapi. Ukimaliza kulichora jiwe hivyo, umekwisha kuurudia mwendo wa mkono ulioacha kazi hiyo milenia nyingi zilizopita. Mary alijifunza hilo kwa vitendo, akihudhuria mihadhara London bila kuandikishwa kama mwanafunzi wa shahada, akichimba nyakati za kiangazi kusini mwa Uingereza, na akimchorea Gertrude Caton-Thompson zana za mawe za Fayum, Misri, kwa ajili ya kitabu kilichotoka 1934.

Caton-Thompson ndiye aliyemkutanisha na Louis Leakey mwaka 1933. Louis alitaka mchoraji wa kitabu chake. Alipata mchoraji, na alipata zaidi ya hapo.

Miaka 24 ya kunyamaza

Louis alikuwa na mke na watoto wawili. Kuvunjika kwa ndoa ile kulimfungia milango ya Cambridge, na tangu hapo riziki ya watafiti hawa wawili ikawa ya kuungaunga. Mary alifika Oldupai kwa mara ya kwanza 1935. Maji yalikuwa haba kiasi kwamba walikunywa ya dimbwi walimogaagaa vifaru, na chai yao ikawa na ladha ya mkojo wa mnyama huyo. Walifunga ndoa tarehe 24 Desemba 1936.

Ilichukua miaka 24 tangu safari ile ya kwanza hadi fuvu la 1959. Wasimulizi wengi huiruka miaka hiyo, ilhali ndiyo iliyomlea fundi. Alichimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, makazi ya wafugaji wa kale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikwenda Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, ambako mashoka ya mawe yalikuwa yametapakaa kwa mamia ardhini kana kwamba wenyewe wameyaweka chini jana. Badala ya kuyazoa yote na kuyapeleka kabatini, akina Leakey waliacha sehemu kubwa palepale yalipokutwa. Eneo lilifunguliwa kwa wageni 1947, na hadi leo unapita juu ya daraja la mbao ukiyatazama chini yako.

Tarehe 2 Oktoba 1948, katika Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, aliona jino likichungulia mteremkoni. Lilimwongoza kwenye uso wa Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mwaka 1951 alikwenda Kondoa, katikati ya Tanganyika, akakaa miezi akinakili michoro ya miambani. Alinakili ipatayo 1,600. Twiga, pundamilia, watu wembamba wenye nywele za ajabu: yote aliyafuatisha kwa karatasi angavu, mstari baada ya mstari, kama alivyofundishwa na mapango ya utotoni.

Tazama mpangilio wa kazi hizo. Hakuna hata moja ambayo mtu anaweza kuifanya kwa pupa.

Asubuhi ya 17 Julai

Julai 1959 kambi ya Oldupai ilikuwa inasubiri mgeni. Mpiga picha za filamu Des Bartlett alikuwa njiani kuja kurekodi uchimbaji, na ilikubaliwa kwamba wasianze kuchimba mpaka afike. Louis alikuwa kitandani na homa ya mafua. Mary hakuwa na kazi ila kutembea. Akachukua mbwa wake wawili weupe wenye madoa meusi, akaelekea FLK, macho chini.

Mvua ndiye mchimbaji mkuu wa Oldupai. Kila masika maji hutelemka kingoni na kuondoa ngozi moja ya ardhi, na kilichofichwa huchomoza. Siku hiyo kilichochomoza kilikuwa mfupa wa nyuma ya sikio. Mary alipangusa udongo kidogo, akaona meno mawili makubwa yaliyokaa kwenye taya. Alirudi kambini mbio. Louis aliruka kitandani, homa ikasahaulika. Lakini alipoyaona meno yenyewe alinyong'onyea kidogo. Hakuwa babu aliyekuwa akimtafuta. Alifanana zaidi na zamadamu wenye magego mapana waliokwisha kupatikana Afrika Kusini.

Fuvu lilikuwa limevunjika vipande vinavyokaribia 400. Mary aliviunga. Louis akalipa jina Zinjanthropus boisei: Zinj kutokana na jina ambalo Waarabu wa kale waliita pwani ya Afrika Mashariki, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar, na Boise kwa heshima ya mfadhili wao. Agosti mwaka huohuo walilibeba hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika. Magazeti yalimpa kiumbe huyo majina ya utani kutokana na magego yake, ambayo yangeweza kuwa mashine ya kubanjia korosho.

Halafu ikaja tarehe. Louis alikisia miaka 600,000. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipima majivu ya volkano yaliyolifunika tabaka lile. Potasiamu iliyomo ndani ya majivu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika, kwa hiyo kiasi cha gesi ndicho saa. Saa ilisema miaka milioni 1.75. Vipimo vya karibuni vimeisogeza hadi takriban milioni 1.84. Kwa usiku mmoja, umri wa ukoo wa binadamu ulikuwa umeongezeka karibu mara tatu.

Fedha za shirika la National Geographic la Marekani zikaingia. Louis akapanda ndege kwenda kuhutubia. Mary akapiga magoti.

Jiwe halina miguu

Mahali fuvu lilipotoka, majivu laini yalikuwa yameizika ardhi ya kale haraka kabla haijavurugwa. Mary aliamua kuifunua yote kama mtu anavyokunjua mkeka. Kazi iliyofanyika katika msimu mmoja mrefu wa 1960 ilizidi ya miaka yote iliyotangulia. Alifunua karibu mita za mraba 300, pungufu kidogo ya viwanja viwili vya mpira wa wavu.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Ardhi inagawanywa kwa kamba katika miraba. Udongo unaondolewa kwa zana ndogo na brashi. Kitu kikionekana hakiondolewi. Kinaachwa kimekaa pale kilipo, kinapimwa kimo na umbali kutoka kwenye kamba, kinachorwa kwenye ramani, ndipo kinapewa namba na kuinuliwa. Udongo wote unapita kwenye chekeche, maana jino la panya nalo ni shahidi: panya wa nyika si panya wa kinamasi.

Ramani ilipokamilika, ilikuwa na zaidi ya vipande 2,000 vya mawe na zaidi ya 3,000 vya mifupa. Vipande vidogo vya mifupa iliyopondwa vilikuwa vimejazana sehemu moja, vikubwa vikiwa pembeni. Mifupa mirefu ilikuwa imevunjwa mahali palipo na uboho. Mawe mengi yalikuwa ya aina inayopatikana kilima cha Naibor Soit, kilomita mbili au tatu kutoka pale.

Jiwe halina miguu. Likionekana kilomita mbili kutoka nyumbani kwao, kuna aliyelibeba, na aliyelibeba alijua kabla ya kuondoka kwamba mbele ya safari atalihitaji. Huo si mfupa tena. Huo ni mwenendo. Ndiyo maana sakafu ya FLK ilibadilisha swali la taaluma nzima. Kabla yake watafiti waliulizana nani ni babu wa nani. Baada yake walianza kuuliza babu alishindaje.

Jirani na sakafu hiyo kulikuwa na mshangao mwingine. Mwishoni mwa 1960 Jonathan, mtoto wa kwanza wa Mary, aliona huko taya ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo zaidi. Mwaka 1964 Louis na wenzake wawili walimwita Homo habilis, mtu mwenye mikono ya ufundi. Heshima ya kutengeneza zana ikahamishwa kutoka kwa Zinj ikapelekwa kwa huyu. Aliyekutwa jikoni si lazima awe mpishi.

Matokeo yote ya matabaka mawili ya chini ya Oldupai Mary aliyatoa katika kitabu kikubwa cha mwaka 1971. Si kitabu cha kusomea kitandani. Ni majedwali, vipimo na michoro, na hata vibanzi vilivyotupwa na wabanja mawe vimehesabiwa. Watafiti wa zana za kale zaidi duniani wamekuwa wakikifungua tangu hapo.

Alipokosea

Gazeti linapomsifu mtu, huficha makosa yake. Kwa Mary makosa ni sehemu ya sifa, kwa hiyo tuyataje.

Katika DK, chini kabisa ya korongo, alikuta mawe ya volkano yamepangika kama duara la upana wa mita nne hivi. Aliona huenda ni msingi wa kibanda au kizuizi cha upepo, jambo ambalo lingekuwa jengo la kale kuliko yote. Wengi waliofuata hawakukubaliana naye. Mizizi ya mti mkubwa inaweza kupasua mwamba na kuacha duara la namna hiyo.

Kuhusu sakafu zenyewe, ubishi ulikuwa mkali zaidi. Glynn Isaac, mwanaakiolojia mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Kenya, alijenga juu ya ramani za Mary hoja kwamba zamadamu walikuwa na kituo cha kurudi, wakigawana chakula kama familia. Mwaka 1981 Mmarekani Lewis Binford aliishambulia hoja hiyo: kwa maoni yake, mifupa ile ni mabaki ya simba na fisi, na zamadamu walikuja kuokota makombo. Karibu wakati huohuo watafiti wengine walikwenda Nairobi, wakaitazama mifupa ileile kwa kukuza, wakaona mikwaruzo ya visu vya mawe, na juu ya baadhi yake alama za meno ya wanyama wala nyama. Nani alifika kwanza mezani? Wanabishana hadi leo.

Lakini tazama walikuwa wanabishana kwa kutumia nini. Wote walikuwa wanakula chungu kimoja: mifupa aliyoihifadhi Mary, namba alizoandika Mary, ramani alizochora Mary. Laiti angeizoa sakafu ile kwa koleo akitafuta mafuvu, kusingekuwa na cha kubishania. Mtafiti hodari anaweza kukosea tafsiri. Asichoruhusiwa ni kuharibu ushahidi ambao ungemsahihisha.

Na wakati mwingine ushahidi humrudia mwenyewe. Mwaka 1971 aliandika kwamba baadhi ya mifupa ya Oldupai ilichongwa kuwa zana. Wengi walitilia shaka. Machi 2025 watafiti walitangaza mifupa 27 kutoka eneo jingine la Oldupai, mingi ya tembo na kiboko, iliyobanjwa kwa utaratibu uleule wa kubanja mawe, miaka milioni 1.5 iliyopita.

Sakafu isiyo na jiwe

Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Kufikia hapo Mary alikuwa amekwisha kuhamia Oldupai moja kwa moja, akiishi na mbwa wake, sigara zake nene na ukimya wa nyika. Mwaka 1974 akageukia Laetoli, kusini mwa Oldupai, mahali alipopita na Louis 1935.

Mwaka 1976 wageni wake watatu au wanne walikuwa wakirudi kambini jioni wakitupiana mavi makavu ya tembo kama watoto. Andrew Hill, katika kukwepa, alianguka kifudifudi, na pua yake ikatua karibu na vishimo vidogo kwenye mwamba: alama za matone ya mvua, na kando yake nyayo za wanyama. Mwaka 1978 Paul Abell akaona unyayo uliofanana na wa binadamu. Ndibo Mbuika, mmoja wa wachimbaji wa Mary, akafukua hapo na kukuta nyingine. Mwishowe zikafunuka nyayo zipatazo 70 katika mstari wa karibu mita 27.

Volkano ya jirani ilikuwa imetema majivu, mvua nyepesi ikayalowanisha yakawa kama saruji mbichi, viumbe wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Umri wake ni miaka milioni 3.66. Kisigino kimezama kwanza, kidole gumba kiko sambamba na vingine, hakuna alama za mikono chini. Walitembea kwa miguu miwili kama wewe unavyokwenda sokoni.

Mary, mtu asiyependa kupamba habari, aliona mahali ambapo mmoja wa wasafiri wale kama alisita, akageuka kushoto, kisha akaendelea. Ni mojawapo ya nyakati chache alizojiruhusu kusema kwa hisia.

Lakini uzito wa Laetoli uko pia katika kile ambacho hakikuonekana. Katika matabaka yale hakupata hata zana moja ya jiwe. Kwa hiyo miguu ilitangulia mikono. Babu zetu walisimama wima muda mrefu kabla ya kuwa na ubongo mkubwa na kabla ya zana zozote alizozijua Mary. Hata zana za kale zaidi zinazojulikana leo, za Lomekwi magharibi mwa Turkana, Kenya, zilizotangazwa 2015, zina miaka milioni 3.3. Mtu aliyezoea kuokota kila alichokiona asingeweza kutoa hoja hiyo. Ili kutokuwepo kwa kitu kuwe ushahidi, sharti uwe umetafuta kwa uaminifu.

Waliopiga magoti naye

Hakuna anayefunua mita za mraba 300 peke yake. Kambi za Mary ziliendeshwa na wanaume kutoka Kenya, wengi wao Wakamba, ambao macho yao yalifunzwa na jua mpaka wakaweza kutofautisha mfupa na kokoto wakiwa wamesimama. Heslon Mukiri alikuwa na Louis tangu miaka ya 1920. Peter Nzube aliokota DK mwaka 1968 fuvu lililobapatwa kama chapati, ambalo leo ni mojawapo ya mafuvu muhimu ya Homo habilis. Maundu Muluila aliona Laetoli taya ambayo mwaka 1978 ilifanywa kielelezo rasmi cha spishi ya Australopithecus afarensis. Kamoya Kimeu alianza Oldupai kama kibarua mwaka 1960. Mwaka 1984, kando ya Ziwa Turkana, akaona kipande cha fuvu cha yule mvulana wa Nariokotome, mmoja wa zamadamu waliokamilika kuliko wote waliopata kufukuliwa. Kimeu alifariki 2022.

Majina yao yamo katika ripoti. Hayamo kwenye majalada ya vitabu, na Zinjanthropus boisei imebeba jina la mfadhili. Hilo ni deni, na vitabu vyetu vya shule vingeweza kuanza kulilipa kesho.

Deni jingine limeanza kulipwa. Somo la akiolojia lilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985, Mary akiwa ameshastaafu na kurudi Langata, Nairobi. Mwaka 2015 Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa Italia, walifukua nyayo nyingine Laetoli, takriban mita 150 kutoka zile za awali. Mwaka 2019 timu ya Charles Musiba, Mtanzania mwingine, ilirudi kuzitafuta nyayo chache za ajabu zilizoonekana 1976, ambazo wengine walidhani ni za dubu. Waliongozwa na ramani za Mary. Walipima, wakafukua, wakazikuta palepale alipoandika. Mwaka 2021 walitangaza kwamba ni za zamadamu, na huenda wa aina tofauti na wale wa mstari mrefu.

Mary hakuwepo kusikia. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83. Fuvu la Zinj lilirudishwa Tanzania 1965, na liko chini ya Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Nyayo za mstari mrefu zimefukiwa tena ili mizizi, mvua na miguu yetu isizimalize. Wageni huonyeshwa nakala.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita ile njia panda ya mafuvu mawili, usiishie kupiga picha. Teremka hadi jumba la makumbusho ukingoni mwa korongo, ukae na ushahidi muda mrefu kuliko unavyokaa na sanamu. Na ikitokea siku moja, shambani, machimboni au kwenye mkondo uliokauka, ukaona jiwe lililobanjwa au mfupa uliogeuka jiwe, usiuokote kumpelekea mtoto. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaulinda, lakini ipo sababu kubwa kuliko sheria. Mfupa mkononi mwako ni mfupa tu. Uache ulipolala, weka alama, kisha toa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa au Idara ya Malikale.